Orodha ya maeneo 17 ya ONU, na kwa nini Katanga haimo

Siasa ikichacha hapa Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga ya zamani kusini mashariki mwa Kongo, hakosekani mtu wa kusema: "Basi twende ONU, Umoja wa Mataifa, watupangie kura ya kujiamulia." Utayasikia maneno hayo Katuba, utayasikia Kamalondo, utayasoma kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu walioko Ulaya. Wengi wanaoyasema wana uchungu wa kweli. Shaba na kobalti zinatoka chini ya miguu yao, na wao wanachota maji kwa ndoo. Lakini haki ya watu kujiamulia ina utaratibu wake ulioandikwa, na anayeidai bila kuusoma huo utaratibu atapoteza miaka na atawapotezea wengine.

Tuanze na orodha yenyewe, ile ya ONU ya maeneo yasiyojitawala. Sura ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, yaani ibara za 73 na 74, inazihusu nchi zinazotawala maeneo ambayo watu wake bado hawajajitawala kikamilifu. Ibara ya 73, kifungu (e), inazitaka nchi hizo zimpelekee Katibu Mkuu taarifa za uchumi, jamii na elimu za kila eneo. Mwaka 1946 dola nane zilitaja maeneo yao, jumla yakafika 74. Dola hizo ni Australia, Denmark, Marekani, New Zealand, Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza. Ubelgiji ilikuwa na jina moja tu pale: Kongo ya Kibelgiji.

Leo yamebaki 17. Uingereza inasimamia 10, yakiwemo Bermuda, Gibraltar, Falkland na Saint Helena. Marekani ina matatu: Guam, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Virgin vyake. Ufaransa ina mawili, Kaledonia Mpya na Polinesia ya Ufaransa. New Zealand ina Tokelau. La 17 ni Sahara Magharibi, la pekee katika bara letu, na ndilo pekee lisilo na msimamizi anayetambuliwa, kwa sababu Hispania iliondoka Februari 1976 na kutangaza kwamba haina tena wajibu wowote pale.

Watu wa Kivu wana sababu yao ya kuijua historia hii. Miaka ya 1950 Mbelgiji alitawala kingo zote mbili za Ruzizi, lakini kila ukingo ulikuwa na sheria yake ya kimataifa. Ng'ambo, Ruanda-Urundi ilikuwa eneo la udhamini chini ya sura za 12 na 13. Ujumbe wa Baraza la Udhamini ulifika kukagua mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Mwananchi aliweza kuandika malalamiko yake yakasomwa New York, na ibara ya 76 ilitaja uhuru waziwazi kama shabaha. Upande wa Bukavu hakukuwa na ukaguzi wala haki ya kulalamika, zilitakiwa takwimu tu, na sura ya 11 inasema "kujitawala" bila kulitaja neno uhuru. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya udhamini. Ndiyo maana mwaka 1952 Wameru walionyang'anywa ardhi waliweza kumtuma Kirilo Japhet mpaka ONU, na ndiyo maana Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Ardhi ya Wameru haikurudishwa wakati ule, lakini kesi ilisikika. Mkongomani wa miaka hiyo hakuwa na mahali pa kwenda kusema.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ubelgiji ilileta hoja ambayo wanasheria wanaiita hoja ya Kibelgiji. Ilisema: kama sura ya 11 inalinda watu wasiojitawala, kwa nini ihesabu makoloni ya ng'ambo peke yake? Mbona watu wa asili waliomo ndani ya nchi huru za Amerika ya Kusini na Asia hawaandikiwi taarifa? Kwa maneno matupu hoja ilikuwa na mantiki. Nchi zilizolengwa ziliona mara moja kazi yake, kwamba kila atakayeuliza habari za Kongo ajibiwe kwa kuulizwa habari za nyumbani kwake. Wakaikataa.

Jibu la mwisho lilikuja Desemba 1960, siku mbili mfululizo. Tarehe 14 Baraza Kuu lilipitisha azimio 1514 kwa kura 89, hakuna aliyepinga, 9 hawakupiga upande wowote, Ubelgiji ikiwemo. Azimio hilo linasema watu wote wana haki ya kujiamulia, na kwamba kutokuwa tayari kisiasa, kiuchumi au kielimu kusiwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Tarehe 15 likafuata azimio 1541 lenye kanuni 12, kwa sehemu kubwa kwa sababu Ureno ilidai kwamba Angola na Msumbiji ni mikoa yake ya ng'ambo. Kanuni ya 4 ndiyo inayofunga au kufungua: eneo linahesabiwa kuwa halijitawali likiwa limetengana kijiografia na nchi inayolitawala, na watu wake wakiwa tofauti kikabila au kiutamaduni. Kanuni ya 5 inaongeza kwamba baada ya hapo unaangalia kama utawala, sheria, uchumi au historia vimeliweka eneo hilo chini ya mwingine bila haki.

Katanga inaanguka kwenye kanuni ya 4 kabla hata ya kufika ya 5. Haikutengana na Kongo kwa bahari wala kwa nchi nyingine. Tena azimio 1514, aya ya 6, linasema jaribio lolote la kuvunja umoja wa taifa na mipaka ya nchi linapingana na Mkataba. Aya hiyo iliandikwa wakati Elisabethville, mji huuhuu tunaokaa, ilikuwa makao ya serikali ya Tshombe iliyojitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960, ikiwa na maafisa wa Kibelgiji jeshini na kodi za Union Minière, kampuni ya madini ya Kibelgiji, kwenye hazina yake. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Novemba 1961 Baraza la Usalama, katika azimio 169, liliilaani waziwazi shughuli ya kujitenga, na Januari 1963 ikaisha. Mimi naona kanuni ya 4 imeacha nje watu wengi wanaoonewa ndani ya mipaka ya nchi zao, na hilo si dogo. Lakini bila hiyo, makampuni ya madini yangekuwa na kibali cha kuikata Afrika vipande kufuata mahali shaba ilipo.

Eneo likishakuwa kwenye orodha, linatoka kwa njia tatu: kuwa nchi huru, kuungana kwa hiari na nchi nyingine huku likibaki na serikali yake, au kuingizwa kabisa ndani ya nchi nyingine. Mwaka 1970 azimio 2625 liliongeza hali nyingine yoyote ambayo watu wameiamua kwa hiari. Masharti yako kwenye maelezo madogo. Anayeungana kwa hiari lazima abaki na haki ya kubadili mawazo baadaye, kama Visiwa vya Cook vilivyo na New Zealand tangu 1965 na Niue tangu 1974. Anayeingizwa lazima apate usawa kamili wa uraia na haki, na kwanza awe ameshazoea kujiendeshea mambo yake, ili ajue anachokiacha. Anayeamua kama masharti yametimia ni Baraza Kuu. Dola msimamizi haiwezi kulifuta jina peke yake.

Hata kurudi kunawezekana. Kaledonia Mpya ilitolewa mwaka 1947 na kurudishwa Desemba 1986. Polinesia ya Ufaransa ni mfano mzuri zaidi wa hatua zenyewe. Agosti 2011 bunge la visiwa, wakati wa rais Oscar Temaru, mpigania uhuru, lilipitisha ombi la kurudishwa. Ombi la bunge la eneo halitoshi, kwa kuwa eneo si mwanachama wa ONU na haliwezi kuleta azimio. Ilibidi wapatikane wabebaji, na Nauru, Tuvalu na Visiwa vya Solomon wakakubali. Tarehe 17 Mei 2013 azimio 67/265 likapita bila kupigiwa kura, Ufaransa ikiwa imesusa kikao. Tatizo ni kwamba siku chache kabla, Temaru alikuwa ameshindwa uchaguzi, na bunge jipya lilikuwa limepiga kura ya kukataa jambo lilelile. Kwa hiyo eneo liliingia kwenye orodha likiwa na viongozi wasiolitaka, na Ufaransa ikaacha kiti chake wazi kila suala hilo lilipojadiliwa, kwa miaka 10, mpaka Oktoba 2023. Anayepanga safari kama hiyo ahesabu kalenda ya uchaguzi wa nyumbani kabla ya kalenda ya New York.

Kazi ya kila mwaka ya kuyafuatilia maeneo ya orodha inafanywa na Kamati ya 24 ya ONU, iliyoundwa mwaka 1961 ikiwa na wajumbe 17, ikapandishwa hadi 24 mwaka 1962. Leo ina 29 lakini jina limebaki. Inafanya semina mwezi Mei, Karibiani au Pasifiki, na kikao chake kikubwa mwezi Juni. Sekretarieti inaandaa kila mwaka waraka wa kila eneo: katiba, bajeti, ardhi, ajira, mazingira. Dola msimamizi inatakiwa kuleta taarifa zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa utawala kwisha. Oktoba mambo yanahamia Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na hapo mtu binafsi au chama anaweza kusikilizwa. Unaandika barua kwa mwenyekiti wa kamati, unataja jina lako, chama chako na eneo unalotaka kulizungumzia, kamati inaidhinisha, unapewa dakika chache. Si lazima uwe mzaliwa wa eneo hilo, hivyo chama cha Lubumbashi kinaweza kabisa kusimama kuizungumzia Sahara Magharibi. Kinachowaangusha wengi ni mambo mawili: visa ya Marekani isiyotoka kwa wakati, na hotuba iliyojaa historia ya miaka 50 isiyotaja hata sentensi moja ya rasimu ya azimio wanayotaka ibadilishwe.

Yote hayo ni mepesi ukilinganisha na swali la nani apige kura. Hapo ndipo mambo yanapokufa.

Sahara Magharibi ilipata tamko la Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 16 Oktoba 1975, kwamba uhusiano wa zamani na Moroko au Moritania haukuwa wa kuondoa haki ya watu kujiamulia. Vikaja vita vya Moroko na Polisario, chama kinachopigania uhuru wa eneo hilo, kisha azimio 690 la Aprili 1991 likaunda MINURSO, ujumbe wa ONU wa kuandaa kura, na vita vikasimamishwa tarehe 6 Septemba 1991. Msingi wa daftari la wapiga kura ulikuwa sensa ya Wahispania ya mwaka 1974, yenye watu kama 74,000. Lakini watu wa jangwa wanahama na mifugo, wengine walikuwa wamekimbia, kwa hiyo vikakubaliwa vigezo vitano: walioandikwa kwenye sensa, waliokuwepo lakini hawakuandikwa, wazazi na watoto wa hao, waliozaliwa na baba wa Kisahrawi aliyezaliwa ndani ya eneo, na wa kabila la Kisahrawi waliokaa humo miaka sita mfululizo, au miaka 12 kwa vipindi, kabla ya Desemba 1974.

Angalia ilivyokuwa kituoni. Muombaji anafika mwenyewe. Mbele yake wamekaa wafanyakazi wa tume, waangalizi wa pande mbili, mwangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mashekhe wawili wa ukoo anaodai ni wake, mmoja kutoka kila upande. Karatasi za serikali wengi hawana, kwa hiyo ushahidi ni wa mdomo: baba yako nani, babu yako nani, mlikuwa mkilisha wapi. Shekhe mmoja anasema namjua, wa pili anasema simjui. Kila mmoja anajua kwamba kila jina ni kura, na ametumwa na upande wake. Makundi matatu ya koo, yaliyopewa kwenye sensa alama H41, H61 na J51/52, yalisimamisha kazi kwa miaka kwa sababu Polisario ilisema wengi wao si wa eneo hilo na Moroko ikasisitiza waandikishwe. Kazi iliyoanza 1994 ilifika mwanzo wa 2000 na orodha ya watu 86,386 kati ya waombaji zaidi ya 198,000. Waliokataliwa wakaleta rufaa zaidi ya 130,000, kila moja ikidai mashekhe wake na kikao chake. Kura haikupigwa mpaka leo. Oktoba 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio 2797, liliutaja mpango wa Moroko wa utawala wa ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Eneo bado liko kwenye orodha.

Kila aliyepanga foleni ya CENI, tume yetu ya uchaguzi, kupata kadi ya mpiga kura, akamwona mtu asiye na karatasi akiandikishwa kwa mashahidi, anaweza kuona kwa nini rufaa 130,000 hazimaliziki.

Timor Mashariki ilifanya kwa vigezo vitatu tu: uwe umezaliwa Timor, au mzazi wako mmoja amezaliwa huko, au mwenzi wako wa ndoa yumo kwenye makundi hayo mawili, na uwe na miaka 17. Uandikishaji ulianza katikati ya Julai 1999 ukachukua wiki chache, watu zaidi ya 451,000. Tarehe 30 Agosti asilimia 78.5 walikataa kubaki na Indonesia. Kasoro ilikuwa kwingine: makubaliano ya tarehe 5 Mei yaliacha ulinzi mikononi mwa Indonesia yenyewe. Matokeo yalipotangazwa tarehe 4 Septemba, wanamgambo wakaua na kuchoma nyumba, na jeshi la kimataifa likafika tarehe 20 Septemba. Daftari lilikuwa safi, kura ilikuwa safi, watu wakafa. Mpango wa kura usiosema nani atalinda vijiji wiki ya matokeo haujakamilika, hata kama kila karatasi nyingine ipo.

Kaledonia Mpya, kwa makubaliano ya Nouméa ya 1998, ilichagua daftari maalumu. Mgeni alitakiwa awe amekaa miaka 20 mfululizo kufikia mwisho wa 2014, ili Wakanak, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, wasizamishwe na wahamiaji. Kura ya Novemba 2018 ilikataa uhuru kwa asilimia 56.7, ya Oktoba 2020 kwa 53.3. Ya tatu, Desemba 2021, ilikataa kwa zaidi ya 96, lakini waliojitokeza hawakufika 44 kwa mia: Wakanak walikuwa wameomba iahirishwe, Covid ikiwa imewaua na wao wakiwa msibani, Paris ikakataa, wakasusa. Namba kubwa kuliko zote ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Mwaka 2024, Paris ilipotaka kulegeza daftari la uchaguzi wa mikoa, visiwa viliwaka moto na watu zaidi ya 10 wakafa. Guam walitaka kura ya wazawa peke yao, na mahakama ya rufaa ya Marekani ikaizuia mwaka 2019 kwa sababu katiba ya Marekani inakataza kubagua wapiga kura kwa rangi.

Kiwango cha ushindi nacho kiamuliwe mapema, kwa akili. Tokelau, visiwa vitatu vyenye watu kama 1,500, waliweka theluthi mbili ili waungane kwa hiari na New Zealand. Mwaka 2006 walipata asilimia 60. Mwaka 2007 walipata kura 446 kati ya 692, wakapungukiwa 16. Wakabaki kwenye orodha, kwa uamuzi wao wenyewe. Falkland mwaka 2013 walipiga asilimia 99.8 kubaki na Uingereza, kura tatu tu za kukataa, nao hawajatoka, kwa sababu tangu 1965 Baraza Kuu linalichukulia suala lao kama mgogoro wa Argentina na Uingereza.

Turudi Katanga, maana ombi lilishawahi kupelekwa. Mwaka 1992 Kongresi ya Watu wa Katanga iliishtaki Zaire mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kesi namba 75/92, ikiegemea ibara ya 20 ya Mkataba wa Afrika na kuomba uhuru wa Katanga utambuliwe. Uamuzi ulitoka mwaka 1995. Tume haikusema Wakatanga hawana haki ya kujiamulia. Ilisema haki hiyo ina sura nyingi: uhuru, kujitawala, serikali za mitaa, shirikisho, nchi ya umoja, au namna nyingine watakayo watu, ilimradi mipaka ya nchi iheshimiwe. Kisha ikaweka kipimo: pasipo ushahidi halisi wa uvunjaji wa haki za binadamu mkubwa kiasi cha kuitilia shaka mipaka yenyewe, na wa kunyimwa kushiriki serikalini kunakolindwa na ibara ya 13, Katanga itumie sura inayopatana na umoja wa Zaire. Faili halikuwa na ushahidi wa namna hiyo, na ombi likaanguka.

Njia nyingine inayotajwa ni Sudan Kusini. Ile ilitokana na idhini ya Khartoum katika makubaliano ya Januari 2005, baada ya vita vya miongo. Kura ya Januari 2011 ilihitaji angalau asilimia 60 ya walioandikishwa wajitokeze, na ilipata 98.83 za kujitenga. Kwetu, ibara ya 214 ya Katiba ya 2006 inasema ardhi ya Kongo haitolewi wala kubadilishwa bila kura ya maoni ya Wakongomani wote, yaani wa Mbandaka na Matadi pia.

Kinachobaki mkononi ni sura za ndani, na moja imeandikwa tayari kwa tarakimu. Ibara ya 175 inazipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, zikatwe palepale yanapokusanywa kabla hayajaenda Kinshasa. Haitekelezwi ilivyoandikwa, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 wanaoidai kwetu ni mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kila mmoja kivyake. Mtu anayetaka kufungua kesi ya pili Banjul, makao ya Tume ya Afrika, na isianguke kama ya kwanza aanzie hapo: hati za mapato yaliyokusanywa mkoani mwaka kwa mwaka, hati za kilichorudishwa, barua za madai zenye mihuri ya kupokelewa, na hukumu za mahakama za hapa nchini. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika inataka njia za ndani ziwe zimekwisha kwanza, isipokuwa ikidhihirika kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi, na ucheleweshaji huo nao huthibitishwa kwa tarehe za barua na za vikao.